Konda Wao Anakaa Wapi?

Tulikuwa kwenye daladala ya kutoka Uyole kwenda Kabwe, hapa Mbeya. Mama mkubwa amekaa dirishani, ndoo ya mchele ameibana katikati ya miguu. Konda ananing'inia mlangoni, noti amezikunja kati ya vidole, anaita abiria. Mimi nilikuwa namsimulia Mama mkubwa habari za London, kwa sababu dada, binti yake, amejifungua huko, na viza yake yeye, bibi wa mtoto, imeshatoka. Nilikuwa nimefika kwenye mabasi: mekundu, ya ghorofa, yana namba usoni.

Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Konda wao anakaa wapi? Juu au chini?"

Nikamwambia hakuna konda.

"Hakuna?"

"Hakuna, mama. Ni dereva peke yake, naye yuko nyuma ya kioo."

Akanyamaza. Gari likasimama, wakapanda wanafunzi, konda akawapanga mmoja mmoja mpaka mlango ukafungika. Tulipoondoka ndipo akasema maneno ambayo kwa wiki nyingi sasa yananiamsha usiku.

"Sasa nikipotea, nitakuwa nimempotea nani?"

Sikuwa na jibu. Nilijifanya nahesabu nauli.

Ahadi ya mlangoni

Nimeishi London kwa masomo, na kila aliyeniuliza habari za usafiri wa kule nilikuwa namweleza mitambo: kadi, ramani, treni za chini ya ardhi. Mama mkubwa hakuuliza mitambo. Aliuliza ni nani atakayebeba dhamana yake akiwa njiani, na swali hilo mimi sijawahi kujiuliza hata siku moja, kwa sababu hapa Mbeya jibu lake limo ndani ya kila gari.

Mgeni anapanda, anamwambia konda, "Mwanangu, mimi mgeni, unishushe Hospitali ya Meta." Konda anajibu, "Usijali mama." Basi. Kuanzia hapo yule mama ana mtu. Konda akisahau, gari zima linamkumbusha: "Wee konda, mama wa Meta huyo!" Nimewahi kuona konda akiacha mlango wake, akamshika mzee mkono, akamvusha barabara, akamkabidhi kwa dereva wa bajaji na bei akampatania yeye mwenyewe. Dereva alipiga honi, abiria wakamwambia atulie.

Na kweli pale Kabwe pana kitu gani cha kusoma? Kwenye kioo cha mbele gari limeandikwa linakoanzia na linakoishia, ubavuni lina mstari wa rangi, imetosha. Kituo hakina kibao. Majina ya vituo yamo midomoni mwa watu: Mama John, Block T, Sokomatola, na vingine vingi vinavyoitwa kwa duka lililokwisha kufungwa au mti uliokwisha kukatwa. Tangu ujenzi wa barabara ya njia nne uanze, vituo vyenyewe vimekuwa vikihama, leo hapa, kesho mbele kidogo. Anayejua ni konda.

London nilipanda basi la kwanza, nikagusa kadi, mashine ikalia, na hakuna aliyeinua macho. Sauti ya kurekodiwa ilitaja kila kituo kabla hatujafika. Kila kituo kina nguzo, nguzo ina jina la kituo, juu yake kuna herufi, chini yake namba za mabasi yanayosimama hapo. Nilifika nilikokuwa nakwenda bila kusema neno.

Hakuna mtu aliyeniahidi chochote, lakini nilifika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ahadi kule ilishatolewa zamani, na watu nisiowaona, wakaibandika kwenye nguzo.

Ahadi ipo, ila ni kwa ajili ya anayeweza kuisoma.

Ramani isiyo na mlima

Jumapili moja nilimpelekea Mama mkubwa ramani ya treni za chini ya ardhi niliyoichapisha kwa rangi. Naipenda sana ramani ile. Aliyeichora ni Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, na ilianza kugawiwa kwa abiria mwaka 1933. Alichofanya ni kuachana na umbali halisi wa ardhini, akanyoosha kila njia, akaacha mistari ya rangi na vituo vinavyofuatana, kama anachora nyaya. Wazo lake ni kwamba abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua juu kuna nini. Anachohitaji ni kujua kituo kinachofuata na mahali pa kubadilisha treni.

Mama mkubwa aliitazama kwa muda, kidole kikatembea kwenye mstari mwekundu.

"Loleza yao iko wapi?"

Loleza ni mlima uliosimama juu ya mji wetu. Kwenye ramani hakuna Loleza. Kitu pekee cha ardhini kilichobaki kwenye ramani ile ni mto Thames. Nikajaribu kumweleza kwamba vituo viwili vinavyoonekana viko mbali vinaweza kuwa jirani kabisa, kwamba kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 260 hivi, unafika kwa miguu kabla hata hujamaliza ngazi za kushukia kwenye treni. Akasema, "Kwa hiyo inasema uongo."

Haisemi uongo. Lakini nilimwelewa. Sisi tumekulia kwenye mji ambao ukipotea unainua macho, unautafuta mlima wenye minara, ukishauona unajua mjini ni upande gani. Mama mkubwa husafiri kwa macho. Anajua amefika Nane Nane kabla konda hajaita, kwa kuona tu. Umpeleke chini ya ardhi, kwenye dirisha lenye giza, umwambie asome majina ya Kiingereza ukutani wakati treni inapunguza mwendo, huku akikumbuka kugusa kadi anapoingia na tena anapotoka, maana akisahau kugusa wakati wa kutoka atakatwa nauli ya juu kabisa. Aliishia darasa la nne. Kiswahili anakisoma, taratibu. Kiingereza hana.

Akaikunja ramani, akanirudishia. "Hii ni ya mtu anayesoma huku anatembea."

Jioni ile nilimpigia dada, naye alikuwa ameshafikia uamuzi wake. "Mama atakaa ndani na mtoto. Wikiendi mimi mwenyewe nitamtoa." Alilisema kwa upendo na kwa uchovu wa mzazi mwenye kichanga, na kwa dakika kadhaa nilikubaliana naye.

Kisha nikafikiria viza. Miezi sita. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri apande gari la kwanza, aliyelipa ada za watoto wote kwa mchele wa Kyela na Mbarali, ambaye hakuna stendi ya mkoa huu asiyoijua, anakwenda kukaa miezi sita ndani ya nyumba akisubiri Jumamosi. Kwa sababu gani? Kwa sababu gari halina konda.

Sikuweza kulikubali hilo.

Walikuwa nao

Nilianza kusoma, na nikagundua jambo ambalo nilipokuwa kule sikulijua: London ilikuwa na makonda.

Basi lililoijengea London jina duniani, Routemaster, lilianza kubeba abiria mwaka 1956. Nyuma lilikuwa wazi, bila mlango, na konda alikuwa akipita kwenye viti akikata tiketi, akiita vituo, akigonga kengele dereva aondoke. Mwaka huohuo wa 1956 shirika la usafiri la London lilianza kuajiri watu moja kwa moja kutoka Barbados, kwa sababu wafanyakazi walikuwa hawatoshi. Hebu fikiria: kijana ameshuka melini, baridi haijamzoea, majina ya mitaa hayajui, halafu ndani ya muda mfupi yeye ndiye anayewaambia wenyeji washuke wapi. Makonda wengi wa London walikuwa wageni. Mgeni akipanda, aliyempokea mlangoni alikuwa mtu anayejua ugeni unavyokaa mwilini.

Makonda hao waliondolewa kidogo kidogo, kwa sababu basi la mtu mmoja ni nafuu kuliendesha. Routemaster ya mwisho katika ruti za kawaida ilikuwa ya namba 159, ikasimama tarehe 9 Desemba 2005. Kuanzia 2012 yalikuja mabasi mapya ya sura inayokumbusha yale ya zamani, na katika baadhi yake akawekwa mhudumu wa kusimama kwenye mlango wa nyuma, lakini kufikia 2016 naye aliondolewa. Katikati ya hayo, Julai 2014, mabasi yote yaliacha kupokea fedha taslimu. Kadi tu.

Nilikaa na tarehe hizo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2005 si zamani. Kule kuna watu wazima wanaokumbuka sauti ya konda wao.

Na hapa kwetu jambo hili limeshaanza. Mwendokasi ya Dar es Salaam tangu ianze mwaka 2016 haina konda ndani ya gari. Mabasi ya mikoani sasa yanatakiwa kutoa tiketi za mtandao. Nadhani siku moja daladala za Mbeya nazo zitafika huko, na sitasimama barabarani kuzuia. Ila siku hiyo kuna akina mama wengi watakaouliza swali la Mama mkubwa wakiwa hapahapa Kabwe, bila kuvuka bahari.

Mgeni wa Kabwe

Hapa ndipo mawazo yangu yalipoanza kugeuka, na si kwa kusoma.

Nilikuwa Kabwe asubuhi, namsubiri mtu. Akashuka msichana wa kigeni na begi kubwa mgongoni, simu mkononi. Simu ilikuwa inamwonyesha barabara, lakini vituo vyetu haikuvijua. Kabla hajapiga hatua makonda wamemzunguka: Uyole! Mbalizi! Dada, Nane Nane hapa! Mmoja ameshika begi, mwingine ameshika mkono. Walikuwa wanamsaidia, kwa namna yao. Niliuona uso wake. Sauti zote zile, ambazo kwangu mimi ni ramani kamili ya mji, kwake zilikuwa kelele.

Nilimsogelea. Alikuwa na tiketi ya basi la kwenda Iringa, imeandikwa saa 12, naye alikuwa anakwenda stendi ya Nane Nane akiamini ana muda wa kutosha mpaka adhuhuri. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Basi lake lilishaondoka alfajiri, muda huo linakaribia kuimaliza Makambako. Kwenye ofisi alikokatia tiketi hakuna aliyefikiria kumwambia saa 12 ni saa 12 ya nani, kwa sababu hapa hakuna anayeuliza.

Tulipata basi jingine. Lakini nilirudi nyumbani na uzito.

Nilikuwa nimeanza kumsifu konda mno moyoni. Nilisahau kwamba ahadi ya mlangoni inatolewa kwa lugha, na asiye na lugha hapewi. Nilisahau makonda wanaopandisha nauli wakisikia lafudhi ya mbali. Nilisahau magari yaliyoandikwa Uyole ambayo yanaishia Nane Nane, abiria mnaambiwa gari bovu, na dakika tano baadaye mnaliona linageuza limejaa. Nilisahau goti la Mama mkubwa, ambalo kila siku konda analipandisha kwa kumvuta mkono, wakati mabasi ya London yana sakafu ya chini, usawa wa njia ya miguu, na ubao wa mteremko unaojitoa wenyewe kwa mwenye kiti cha magurudumu. Hilo nalo ni utu. Wameutia kwenye chuma badala ya kuuacha kwenye hisani ya mtu, na asubuhi ambayo konda ameamka vibaya mlemavu wao anapanda vilevile.

Pale Mwanjelwa kuna fundi cherehani ninayempelekea nguo. Hasikii wala hasemi. Yeye hupanda daladala na kijikaratasi alichoandika jina la kituo, anamwonyesha konda, anakaa karibu na mlango, macho kwenye uso wa konda mpaka afike. Nimemwona akifanya hivyo miaka yote na sikuwahi kufikiri kwamba anasafiri kila siku katika nchi ya kigeni, na kwamba ameshapata njia yake.

Konda humsaidia anayeweza kusema. London humsaidia anayeweza kusoma. Mama mkubwa anaweza kusema lugha ambayo kule hawaijui. Basi nilitakiwa kutafuta kile anachoweza kukisoma.

"Nipe namba"

Alikitafuta mwenyewe.

"Si ulisema hayo magari yana namba? Nipe namba ya gari na jina la pa kushukia. Hayo mengine yaache."

Namba! Huyu ni mtu anayekariri namba za malori ya mchele, anayesoma mizani kabla mwenye mizani hajasoma, mwenye madeni ya soko zima kichwani bila daftari. Mimi nilikuwa nimejishughulisha na kile asichonacho, ramani na Kiingereza, wakati mji ule umeandikwa kwa tarakimu kila mahali. Hapa Mbeya gari linasomeka kwa majina. Kule basi linasomeka kwa namba, kubwa, yenye taa, unaiona kutoka mbali. Kwa upande huo London imemwandalia Mama mkubwa kuliko Kabwe.

Na treni si lazima. Basi linapita juu, lina dirisha.

Dada anaishi Ilford, mashariki ya mji. Basi namba 25 linatoka Ilford, linashika Romford Road, Manor Park, Forest Gate, mpaka Stratford, na kutoka hapo linaendelea mpaka katikati ya jiji. Kwa Mama mkubwa Stratford inatosha: soko lipo, maduka yapo. Nilimchorea mstari mmoja kwenye karatasi. Akautazama akasema, "Hii si Uyole na Mbalizi?" Ndiyo. Ni barabara moja ndefu, unakwenda nayo na unarudi nayo.

Kuanzia hapo maswali yake yakawa ya mtu anayejua kusafiri.

Kwenda na kurudi linapita njia ileile? Kati ya nyumbani na Stratford, ndiyo. Wakati wa kurudi nasimama wapi? Unavuka barabara, unasimama upande wa pili, na hapo ana bahati kwamba Waingereza wanapita kushoto kama sisi. Angekuwa anakwenda Ujerumani au Marekani ningemfundisha upya hata pa kuangalia kabla ya kuvuka. Nauli ni kiasi gani? Ni moja, uende mbali au karibu. Ilipopandishwa mwaka 2023 ilifika pauni 1.75, zaidi ya shilingi 5,000 zetu. Alishika kichwa. Nikamwambia ukishagusa kadi, ndani ya saa moja unaweza kupanda basi jingine, na jingine, bila kukatwa tena. Akatulia kidogo.

"Na kadi ikiisha hela nikiwa njiani?"

Hapo nilifurahi kuwa na jibu. Kadi yao ya Oyster ikibaki na hela pungufu, basi linakuruhusu safari moja zaidi, kisha deni linakatwa utakapoongeza salio. Mpango huo uliwekwa walipoacha kupokea fedha taslimu, ili mtu asiachwe kituoni usiku.

"Hapo wamefikiri," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiisifu London.

Hakupenda kwamba kadi moja haiwezi kulipia watu wawili kwa pamoja. Kwenye daladala Mama mkubwa akikutana na jirani husema, "Konda, wawili hapa." Nilimweleza kwamba kule kila mtu na kadi yake, na kwamba mtoto mdogo halipi. Akasema hiyo ya kila mtu na yake itamsumbua.

Kuna jambo moja nililoogopa kumwambia, nikamwambia. Wakati mwingine basi hukatisha safari kabla ya mwisho. Sauti inatangaza kwamba mwisho wa basi umebadilika, kwa Kiingereza, na kila mtu anashuka. Nilidhani atakata tamaa. Akasema, "Sasa hilo nalijua," kwa sababu amelizoea hapa. Tukakubaliana: wakishuka wote, shuka. Usiondoke pale. Subiri 25 nyingine, gusa kadi, panda.

Mazoezi na karatasi

Tulifanya mazoezi kwenye gari za hapa. Alipanda Uyole bila kumwambia konda anashukia wapi, bila kuuliza, akihesabu vituo kwa vidole ndani ya khanga. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Konda akamuuliza, "Mama, unashuka wapi?" Akatikisa kichwa tu. Alishuka Mafiati, mahali penyewe, hatua zake mwenyewe.

Nilimfuata nikiwa nimefurahi sana. Yeye hakuwa amefurahi.

"Nimefika," alisema. "Lakini sijamsalimia mtu hata mmoja. Ndivyo wanavyokaa kule kila siku?"

Nikamwambia ndivyo, mara nyingi. Na kwamba mimi nilikuwa nikimsalimia dereva ninapogusa kadi, na baadhi waliitikia, hasa asubuhi. Akasema basi na yeye atawasalimia, Shikamoo au vyovyote, watakaoitikia waitikie. Sikumkataza. Sijui kama kuna neno la kumwambia mtu wa umri wake aache kusalimia.

Karatasi tumeiandika kwa mfano wa fundi wa Mwanjelwa. Upande mmoja ni wa watu wa kule, kwa Kiingereza cha herufi kubwa: kwamba yeye ni mgeni kwa binti yake, hazungumzi Kiingereza, anaomba aonyeshwe kituo kilichoandikwa hapo chini, na namba ya simu ya binti. Upande wa pili ni wake, kwa Kiswahili, na huo tumeufuta na kuuandika upya mara nyingi. Sasa unasomeka hivi:

Basi ni 25. Namba nyingine yoyote, hata kama inafanana, usipande. Ikiwa na herufi N mbele ni ya usiku, usipande, piga simu.

Likija, nyoosha mkono. Panda mlango wa mbele, gusa kadi, subiri mlio.

Kaa chini, karibu na mlango. Usipande ghorofani wakati gari linatembea.

Ukikaribia, bonyeza kitufe chekundu. Taa ikiwaka, wamesikia. Shuka mlango wa katikati. Wakati wa kushuka kadi haiguswi.

Nambari za saa kwenye ubao wa kituo si saa zetu. Ukiona 14, ni saa nane mchana.

Ukichanganyikiwa, usitembee. Mtafute mama mwenye mtoto, mwonyeshe karatasi.

Hilo la mwisho ameliongeza yeye. Mimi nilikuwa nimeandika amwonyeshe mfanyakazi mwenye sare. Akasema sare hazijui, ila mama mwenye mtoto atamtambua popote.

Dada alipinga mwanzoni, na namwelewa, yeye ndiye atakayekuwa akiangalia saa ukutani mama akiwa nje. Nilimwomba jambo moja: wiki ya kwanza wapande pamoja, lakini mama atangulie, yeye akae viti vya nyuma na mtoto, asimwongoze. Alikaa kimya siku kadhaa. Kisha akatuma ujumbe wa sauti. Alikuwa amepanda 25 kutoka kwao mpaka Stratford na kichanga kifuani, amerekodi safari nzima: mlio wa kadi, sauti ile ya mashine inayotaja vituo, mtoto akilia katikati ya njia, na kila baada ya kituo dada mwenyewe anasema kwa Kiswahili, "Mama, hapa kulia kuna kanisa la matofali," "Mama, hapa kuna duka la samaki, ukiliona hili bado viwili."

Mama mkubwa ameusikiliza akiwa kwenye meza yake ya mchele mpaka wauzaji wa jirani wanavitaja vituo vya London kabla mashine haijavitaja. Jana amenipigia simu akitaka kujua lile kanisa la matofali ni la dhehebu gani, ibada ya kwanza wanaanza saa ngapi kwa saa za huko, na kama 25 inapita Jumapili asubuhi. Inapita. Hayo mengine dada ameahidi kwenda kuuliza.